Mwongozo kamili: jinsi ya kuendesha klabu ya stripa ili madansa walipwe vizuri na mwenye klabu asifilisike

Hii kazi watu wanaifeli kila siku na wanaifeli kwa namna ile ile. Mwenye klabu anaona mapato yanashuka, anabadilisha taa, analeta dijei mpya, anapandisha ada ya madansa, anaweka meneja mkali, miezi michache mbele madansa wazuri wameshahama na wateja wamewafuata huko huko walikoenda.

Shida haiko kwenye taa. Klabu nyingi zimemgeuza dansa kuwa ndo mteja, yaani yeye ndo anayelipa wa kwanza kabla mtu yeyote hajaingia mlangoni, na mwenye klabu akishachukua hela ya dansa hana tena haraka ya kutafuta wateja wa kweli. Kwa hiyo kila hatua hapa chini inarudi kwenye jambo moja: klabu ipate hela pale tu dansa anapopata.

Nimeandika nikiwalenga wenye klabu na mameneja, ila madansa nanyi someni, maana hatua ya 2, 4 na 5 mnaweza kuzidai wenyewe mkiwa pamoja.

## Vitu vya kuandaa kwanza

Usianze hata hatua ya kwanza kama hivi havijakamilika, utaishia katikati na madansa hawatakuamini mara ya pili.

- Sheria na masharti ya leseni ya eneo lako, yasome mwenyewe, usisimuliwe na meneja
- Mwanasheria anayejua sheria za kazi
- Kumbukumbu za mapato za miezi mitatu: kiingilio, vinywaji, densi za faragha, ada na faini za madansa, kila kitu kivyake
- Tokeni zenye namba, zinazokatika vipande viwili
- Daftari la matukio lenye kurasa zilizopigwa namba, ili mtu akichana ukurasa ionekane
- Vitufe vya dharura vya kutosha vyumba vyote vya faragha, choo cha madansa na chumba cha kubadilishia
- Makabati yenye kufuli na mlango unaofunguka kwa namba za siri
- Saa ya kuhesabu muda inayoonekana na dansa pamoja na mteja
- Akiba ya kulipa mishahara ya mabaunsa na dijei kwa miezi miwili bila kutegemea madansa

Hiyo ya mwisho watu wanairuka alafu mwezi wa pili wanarudi kwenye mambo yale yale. Ukibadilisha mfumo wa malipo kuna kipindi hela inayumba kidogo kabla haijakaa sawa, kama huna akiba subiri mpaka uwe nayo.

## Hatua ya 1: Jua nani anamlipa nani

Chukua usiku mmoja wa kawaida, sio wa sikukuu, uandike kila hela inayotoka mfukoni kwa dansa. Ada ya kuingia shifti. Faini ya kuchelewa. Hela ya dijei. Hela ya baunsa. Hela ya mama anayekaa chumba cha kubadilishia. Asilimia ya densi ya faragha. Makato ya kadi. Faini ya kukataa kupanda stejini, faini ya viatu, faini ya kuondoka mapema.

Mameneja wengi wakiulizwa watataja vitu viwili vitatu tu, kwa hiyo usiishie kwa meneja, waulize madansa watatu tofauti na uwaulize kila mmoja peke yake. Hapo ndo utaona makato ambayo hata wewe mwenye klabu ulikuwa huyajui, maana kuna mameneja wanatoza faini na ile hela haifiki popote kwenye vitabu vyako.

Umefaulu ukiwa na: karatasi moja inayoonyesha katika kila 100 aliyolipa mteja kwa ajili ya dansa, dansa anaondoka na ngapi. Ikiwa chini ya nusu, usishangae kwa nini watu hawakai.

## Hatua ya 2: Badilisha ada, hapa ndo moyo wa kazi yote

Soma hesabu hii polepole.

Tuseme usiku mmoja wateja wote kwa pamoja wananunua densi 120 za faragha. Ada ya kuingia shifti ni sawa na bei ya densi 3. Ukiwa na madansa 12, kila mmoja anauza densi 10 kwa wastani, analipa 3, anabaki na 7. Klabu inapata thamani ya densi 36. Sasa meneja anajiongeza, anaingiza madansa 30. Klabu inapata thamani ya densi 90, anashangilia. Ila kila dansa sasa anauza densi 4, analipa 3, anaenda nyumbani na 1. Kesho haji. Wanaokuja ni wale wasio na pa kwenda, wanagombania mteja mmoja watatu, mteja anachoka kuvutwa mkono, anamaliza kinywaji chake na anaondoka.

Sasa ondoa ada ya kudumu, weka asilimia 25 ya densi zilizouzwa. Ukiwa na madansa 12 au 30 klabu inapata ile ile thamani ya densi 30. Meneja hana tena sababu ya kujaza watu. Dansa kati ya wale 12 anabaki na 7 na nusu. Na usiku mbovu, densi 40 tu zimeuzwa, chini ya ada ya zamani angebaki na theluthi moja ya densi, chini ya asilimia anabaki na 2 na nusu, angalau ana nauli na kitu cha kula na kesho atarudi.

Umeona klabu imepoteza 6 kati ya 36 kwa upande wa madansa. Hiyo inarudi kwenye vinywaji na kiingilio, kwa sababu mteja asiyesumbuliwa anakaa muda mrefu zaidi na anarudi na wenzake.

Kanuni za kufuata hapa:

Asilimia ikatwe kwenye densi tu, tipu usiziguse kabisa. Marekani sheria ya shirikisho tangu 2018 inamkataza mwajiri kubaki na tipu za wafanyakazi, na mameneja nao hawaruhusiwi kugawana humo.

Weka dari, yaani kikomo cha ada. Jimbo la Washington huko Marekani lilipitisha sheria mwaka 2024 inayosema ada isizidi dola 150 au asilimia 30 ya mapato ya dansa kwa saa nane mfululizo bila kuhesabu tipu, ile iliyo ndogo kati ya hizo mbili. Hata kama eneo lako halina sheria ya namna hiyo, chukua wazo la "iliyo ndogo", linamlinda dansa usiku mbaya na usiku mzuri.

Futa madeni. Hili nalisisitiza kuliko yote. Dansa akishindwa kulipa ada leo, isihamie kesho. Sheria hiyo ya Washington nayo imelikataza. Dansa anayeanza shifti akiwa na deni atakubali mteja ambaye siku nyingine angemkataa, atavumilia kushikwa pasipotakiwa, atakubali kwenda mahali asipotaka, kwa sababu kichwani ana hesabu ya deni. Mambo mengi mabaya kwenye hizi klabu yanaanzia kwenye deni, na mtu anayesema deni linamfanya dansa awe na bidii hajawahi kukaa na dansa akamsikiliza.

Onyo: usipunguze ada alafu ukairudisha kwa mlango wa nyuma kama faini. Madansa wanajua kuhesabu.

Umefaulu ukiona: hakuna dansa hata mmoja anayetoka klabuni akiwa na hela pungufu kuliko aliyoingia nayo, hata Jumatatu yenye mvua.

## Hatua ya 3: Panga rosta kwa idadi ya wateja

Chukua zile kumbukumbu za miezi mitatu, angalia kila siku ya wiki densi ngapi zinauzwa, gawanya kwa idadi ya densi ambayo dansa mzoefu anaona imemlipa shifti yake. Hiyo ndo idadi ya madansa ya siku hiyo, basi. Wikiendi itakuwa kubwa, katikati ya wiki ndogo.

Rosta itoke mapema, wiki moja kabla, na siku nzuri zizunguke. Meneja akiachiwa agawe Ijumaa na Jumamosi kwa anaowapenda, ndani ya mwezi utakuwa na biashara ya rushwa ndani ya biashara yako, mara nyingine rushwa sio ya hela. Fomu ya maombi ya shifti ikae mahali wote wanaiona, majina ya stejini tu, majina halisi yasiandikwe ukutani.

## Hatua ya 4: Malipo ya densi za faragha yapite sehemu moja

Ugomvi mwingi wa klabu unatokea hapa. Mteja anasema alinunua densi mbili, dansa anasema nne, baunsa anaitwa, wanapigizana kelele, kila mtu anatoka na hasira.

Fanya hivi. Mteja na dansa wanakwenda wote kwa keshia kabla ya kuingia chumbani. Mteja analipa, keshia anatoa tokeni yenye namba, anaikata, kipande kimoja kwa dansa, kingine kinaingia kwenye boksi lililofungwa. Saa inawashwa. Wakitaka kuongeza, mhudumu anakuja na tokeni nyingine, hakuna kuongeza kwa maneno.

Uza kwa dakika, achana na kuuza kwa wimbo. Wimbo ukiwa ndo kipimo dijei anaanza kuzikata nyimbo ili zitoke nyingi kwa saa, mteja anahisi ameibiwa, na anayelaumiwa ni dansa aliye mbele yake wala sio dijei.

Mwisho wa shifti dansa anakuja na vipande vyake, keshia anafungua boksi mbele yake, namba zinalinganishwa kimoja kimoja mezani: 0412 na 0412, 0413 na 0413. Kisha analipwa palepale, anapewa risiti yenye idadi ya tokeni, asilimia iliyokatwa na anachopokea. Inachukua dakika chache tu kwa mtu, na inamaliza maneno ya kila wiki ya "wamenipunja".

Kuhusu kadi, mteja akirudi wiki mbili baadaye akaiambia benki hakufanya malipo, hasara hiyo ni ya klabu. Klabu ndo ina mashine, klabu ndo ilikagua kadi. Kumkata dansa hela ya kazi aliyokwisha kuifanya ni wizi hata kama umeandikwa kwenye mkataba. Ili kujilinda, kwa malipo makubwa keshia aombe kitambulisho na saini.

Umefaulu ukiona: mwezi unaisha, vipande vya boksi na vya madansa vinalingana, na baunsa hajaitwa kusuluhisha hesabu.

## Hatua ya 5: Usalama, na usiwe wa kununuliwa

Baunsa anayelipwa na madansa anamlinda anayetoa zaidi. Anayetoa kidogo akibonyeza kitufe, baunsa anakwenda polepole. Ndo mana mshahara wa baunsa utoke kwa klabu, kamili. Dijei vilevile, maana dijei anayelipwa na dansa anawapangia wasiotoa nyimbo mbovu na zamu ya saa ambayo ukumbi hauna mtu.

Kazi ya baunsa iandikwe: mmoja mlangoni, mmoja asiye na kazi nyingine yoyote isipokuwa ukumbi na vyumba vya faragha. Huyo wa pili asibebeshwe vinywaji wala asiitwe kusaidia kaunta.

Vyumba vya faragha visiwe na mlango unaofungwa kwa ndani. Kamera iangalie njia ya kuingilia na kutokea, na mahali pa kuiangalia pawe na mtu, kamera isiyoangaliwa ni pambo tu. Kitufe cha dharura kiwe mahali mkono wa dansa unafika akiwa amekaa na pia akiwa amelala chini, pande zote mbili. Kijaribuni kila siku kabla ya kufungua: dansa abonyeze, mtu ahesabu sekunde mpaka baunsa atokee. Kama chumba kiko mbali kiasi kwamba anachelewa, hamisha chumba, usimlaumu baunsa.

Sheria za kugusa zisomwe kwa mteja kabla hajalipa, kwa sentensi moja au mbili. Dansa ana haki ya kusimamisha densi wakati wowote akivunjiwa sheria, na hela ya muda uliokwisha tumika hairudi. Hiyo ya hela ni muhimu sana, dansa akijua kusimamisha kutamgharimu kila kitu hatasimamisha.

Alafu kuna daftari la matukio. Kila tukio: tarehe, saa, nini kilifanyika, nani alishuhudia, hatua gani ilichukuliwa. Mteja aliyemdhuru dansa anapigwa marufuku, haijalishi anatumia hela kiasi gani. Washington wanadai tuhuma za ukatili wa wateja ziandikwe na zitunzwe miaka 5, na tuhuma ikiwa na ushahidi au kiapo mteja huyo asiingie kwa miaka isiyopungua 3. Mwenye klabu anayesita kumfukuza mteja mkubwa ajiulize madansa wangapi wataondoka kimyakimya kwa sababu ya mtu huyo mmoja.

Wakati wa kutoka, madansa wasindikizwe mpaka kwenye usafiri, na mteja aliyekuwa anamng'ang'ania mmoja wao abaki ndani mpaka waondoke. Hakuna mfanyakazi anayeruhusiwa kumpa mteja jina halisi, namba ya simu au ratiba ya dansa. Akifanya hivyo anaondoka siku hiyo hiyo.

## Hatua ya 6: Chumba cha kubadilishia na steji

Ingia chumba cha kubadilishia mchana, hakuna mtu, washa taa. Angalia sakafu, watu wanatembea hapo bila viatu. Hesabu vioo, hesabu soketi, fungua bomba uone maji yanatoka. Kama dansa inabidi ajipake vipodozi akiwa amechuchumaa kwa sababu hakuna kiti, hapo umeshaelewa wanachokifikiria kuhusu wewe. Mlango uwe wa namba za siri na namba zibadilishwe kila dansa au mfanyakazi anapoacha kazi. Meneja wa kiume asiingie bila kubisha na kujibiwa.

Steji nayo ina mambo yake. Nguzo ya kuchezea ikaguliwe kila siku: shika kwa mikono miwili, isukume kwa nguvu zote pande nne, sikiliza kama kuna kitu kinagonga juu. Skrubu za juu ziwe zimeshika kwenye boriti, sio kwenye dari ya mbao nyembamba. Mtu mzima anayezunguka anaivuta nguzo kwa nguvu kubwa kuliko uzito wake, ikichomoka hapo ni shingo au uti wa mgongo.

Weka spiriti na vitambaa safi pembeni, ifutwe kila baada ya dansa kushuka. Losheni na mafuta ya mwili ni marufuku kwa anayepanda nguzo, wa kwanza akipaka anayeteleza ni wa tatu. Na ubaridi pia: chuma cha baridi na ngozi kavu havishikani, kwa hiyo kiyoyozi kisielekezwe stejini. Wateja wamevaa makoti, dansa hajavaa kitu, joto la ukumbi lipangwe kwa kumfikiria yeye.

Boksi la huduma ya kwanza likae hapo hapo nyuma ya steji, na katika kila shifti mmoja awe amefundishwa kulitumia.

## Hatua ya 7: Mkataba, umri na sheria

Hapa nakwenda haraka kwa sababu mwanasheria wako atakueleza zaidi, ila mambo matatu hayasubiri.

Umri. Kitambulisho halali, kionekane kwa macho, kilinganishwe na uso, kabla ya mtu kukanyaga steji. Aliye chini ya umri wa kisheria haingii, hata kama ameletwa na nani. Kukiwa na wasiwasi, jibu ni hapana. Nakala zifungiwe kwenye kabati ambalo funguo ni za mtu mmoja.

Kulazimishwa. Dansa analetwa na kuchukuliwa na mtu yule yule kila siku, mtu huyo ndo anashika kitambulisho chake, ndo anapokea hela yake, dansa anamwangalia yeye kabla ya kujibu swali. Ukiona hivyo zungumza na dansa peke yake, mpe namba ya msaada, shirikisha wanaohusika. Fundisha kila mfanyakazi dalili hizi mpaka msafishaji, maana msafishaji anaona vingi.

Hali ya ajira. Kuandika "dansa anajitegemea" kwenye karatasi hakumfanyi kuwa hivyo. Ukimpangia saa, ukimtoza faini, ukimpangia bei, ukimwambia avae nini, mahakama inaweza kusema ni mfanyakazi wako na ukalipa mishahara ya nyuma. California, hukumu ya mahakama ya juu ya jimbo hilo kwenye kesi ya Dynamex ya 2018 iliweka kwamba anayedai mtu anajitegemea ndo mwenye mzigo wa kuthibitisha, na kimojawapo cha kuthibitisha ni kwamba kazi anayoifanya mtu huyo iko nje ya biashara yako ya kawaida. Klabu ya stripa itasemaje kucheza ni nje ya biashara yake? Chagua moja: muajiri na umpe haki za mwajiriwa, au mwachie uhuru wa kweli wa saa, bei na kukataa. Kuchanganya ndo kunakofilisi.

Umefaulu ukiona: dansa ana nakala ya mkataba wake kwa lugha anayoisoma, na anaweza kukueleza kilichomo.

## Hatua ya 8: Weka njia ya kusikilizwa

Madansa wachague wawakilishi wawili wenyewe, meneja asiwepo wakati wa kuchagua. Kikao kila mwezi, mwenye klabu awepo kwa mwili wake. Kila lalamiko linaandikwa pamoja na tarehe ya kujibiwa, kikao kinachofuata kinaanza na orodha ya yale ya mwezi uliopita.

Wenye klabu wanaogopa sana hili, wanadhani wataundiwa chama. Inawezekana wakaunda, ni haki yao. Ila angalia klabu ya stripa ya Star Garden huko Los Angeles: madansa walilalamika kuhusu usalama wao mwaka 2022, wakafungiwa mlango, wakaandamana nje kwa miezi mingi, na Mei 2023 wakapiga kura ya kujiunga na Actors' Equity, chama cha wafanyakazi cha waigizaji wa jukwaani. Walichoanza nacho ni malalamiko ya usalama, kitu ambacho kikao cha mezani kingekigusa mapema.

Asiadhibiwe mtu kwa kusema. Angalia rosta wiki mbili baada ya kila kikao: aliyeongea sana bado anapata Ijumaa zake? Kama zimepungua bila sababu iliyoandikwa, mwite meneja siku hiyo hiyo na umrudishie dansa shifti zake kabla rosta inayofuata haijatoka.

Na meneja akikwambia mfumo huu hauwezekani, mwombe alete daftari lake la faini la mwaka mzima mlipitie pamoja, ukurasa kwa ukurasa, pale pale kwa keshia.